Nani Huziamsha Jeni za Chura?

Ndugu wasikilizaji, swali la leo ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: jeni za kiinitete cha chura huanza kazi lini, na ni nini kinachoziamsha?

Yai la Xenopus laevis, chura anayetumika katika maabara nyingi, lina kipenyo cha milimita 1.2 hivi, nusu yake ya juu nyeusi na ya chini nyeupe. Ukilitazama kwa hadubini dakika 90 hivi baada ya kutungishwa, utaona mfuo mwembamba ukianzia kwenye weusi na kushuka polepole mpaka seli moja iwe mbili. Kuanzia hapo seli hugawanyika kila nusu saa takriban, zote kwa mdundo mmoja, bila kukua hata kidogo, hivyo kila mgawanyiko huzifanya ndogo zaidi.

Wakati wote huo jeni za kiinitete, karibu zote, zimelala. Kazi hufanywa na protini na RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, ambazo mama aliziweka akiba yai lilipokuwa likikomaa mwilini mwake. Akiba hiyo haikumwagwa ovyo: RNA ya jeni iitwayo VegT hukaa upande mweupe, na seli zinazoirithi ndizo huelekea kuwa utumbo.

Baada ya migawanyiko 12, seli zikiwa zimekaribia 4,000, mdundo huvunjika, kila seli hushika mwendo wake, na jeni kwa wingi huanza kunakiliwa kuwa RNA, yaani huamka. Mtu angedhani kuna saa inayohesabu muda. Mwaka 1982 watafiti John Newport na Marc Kirschner walidunga DNA ya ziada ndani ya yai, na kunakili kukaanza kabla ya wakati wake. Maelezo yao nayapenda kwa wepesi wake: yai limepewa kiasi maalumu cha kitu kinachozizima jeni, DNA huongezeka maradufu kila mgawanyiko ilhali kizimio hicho hakiongezeki, mpaka inafika hatua hakitoshi tena. Tafiti za baadaye zimezitaja histoni, yaani protini ambazo DNA huzizunguka, kuwa sehemu kubwa ya kizimio hicho.

Hata hivyo, jeni haziamki sawasawa kila mahali. Upande wa chini huziamsha VegT ile ile ya mama. Kwingine huamuliwa na tukio la saa ya kwanza, pale mbegu ya dume inapoingia na gamba la nje la yai kuzunguka kwa nyuzi 30 hivi, likisogeza viashiria vinavyosababisha protini ya beta-katenini irundikane upande mmoja tu. Jeni zikishaamka, seli za upande huo ndizo huwasha jeni ziitwazo goosecoid na chordin, na hapo ndipo mgongo wa kiluwiluwi hutokea, takriban mkabala na mahali mbegu ilipopenya.