Shahada ya filamu: ada, kipato, na nani anaingia darasani

(Mhadhara kwa wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita, Mtwara mjini)

Wazee wetu, kinamama na kinababa, walezi, na ninyi vijana: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Najua kilichowaleta wengi wenu. Mtoto amesema anataka kusomea filamu, na baba akauliza: utakula nini? Swali hilo ni halali kabisa. Kijana, usilichukulie kuwa baba hakupendi. Nitaanzia hapo hapo kwenye fedha.

Marekani, serikali ina tovuti inayoitwa College Scorecard. Mzazi anachagua chuo na fani, anaona ada, deni wanalotoka nalo wahitimu, kipato chao baadaye, hata mchanganyiko wa wanafunzi wa chuo hicho. Mwongozo wetu wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, unaeleza sifa za kujiunga. Kipato cha wahitimu hakimo, na mimi naona kingepaswa kuwamo. Kule Los Angeles, chuo cha USC, kilichoanza kufundisha filamu mwaka 1929, hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Hiyo ni ada peke yake, bila chakula wala chumba. Pigeni wenyewe hesabu ni magunia mangapi ya korosho.

Hapa nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa ngazi ya cheti na stashahada kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, Bagamoyo. Ada zetu haziko hata karibu na hizo. Lakini anayesoma filamu hamalizani na gharama akishalipa ada. Anahitaji kompyuta inayoweza kuediti, diski za kuhifadhia picha, kamera ya kukodi, nauli za waigizaji, na chakula chao siku nzima ya kushuti. Watu hawafanyi kazi na njaa, hata wakiwa rafiki zako.

Wazazi wa Tandahimba na Newala, hapa nisikilizeni vizuri. Minada ya korosho huanza Oktoba, na vyuo hufunguliwa karibu wakati huo huo, kwa hiyo ada inapatikana. Kazi ya mwisho ya mwanafunzi inakuja miezi ya mwisho wa mwaka wa masomo, msimu umekwisha, nyumba nzima inasubiri mikorosho itoe maua. Kijana anakwama akiwa na skripti nzuri mkononi. Fedha ya mnada isiishie yote kwenye ada. Tengeni ya kazi hiyo mapema.

Sasa kipato. Charles Burnett, Mmarekani mweusi aliyesoma chuo cha UCLA, huko huko Los Angeles, alikamilisha filamu yake ya kuhitimu mwaka 1977 kwa chini ya dola 10,000, akishuti mwishoni mwa wiki mtaani kwao. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo. Heshima ya namna hiyo! Lakini haikuingia rasmi kwenye majumba ya sinema mpaka 2007, kwa sababu haki za nyimbo zilizomo hazikuwa zimelipiwa. Kuzilipia kuligharimu takriban dola 150,000, zaidi ya mara kumi na tano ya gharama ya filamu yenyewe. Miaka thelathini! Vijana, wimbo wa watu usiingie kwenye filamu yako bila ruhusa iliyoandikwa, hata kama mwenye wimbo ni jirani yako wa Chikongola.

Wengi wanaotoka darasani hawaajiriwi kwa mwezi. Wanalipwa kwa kazi: harusi, tangazo, filamu fupi ya shirika. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo unadaiwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri anatakiwa kupeleka mwenyewe, kazi ikiwepo au isipokuwepo. Jueni hilo kabla ya kutia saini.

Kwa nini basi nasema waende? Kwa sababu darasa likiwa na watu wa aina moja, hadithi nazo zinakuwa za aina moja. Miaka ile ya mwisho ya 1960 na ya 1970, UCLA ilipofungua zaidi mlango wa darasa la filamu kwa wanafunzi weusi, aliingia Burnett, akaingia na Haile Gerima kutoka Gondar, Ethiopia. Wakaonyesha watu ambao Hollywood haikuwa ikiwaona. Gerima akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1975. Sisi tuna Tendaguru kule Lindi, ambako mifupa ya dinosaria ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na iko huko hadi leo. Vizazi vya wapagazi walioibeba mpaka bandarini wako hapa. Mjukuu wao akiwa na kamera atauliza maswali ambayo mgeni hayajui.

Na mabinti. Mzazi anaogopa kushuti usiku, na ana haki. Muulize mkuu wa idara: wasichana wanarudije hosteli saa sita usiku, na nani analipia usafiri huo? Chuo kinachojibu bila kusita, mpeleke mwanao.

Namuona mama pale nyuma ameinua mkono. Kipaza sauti kimfikie yeye kwanza.