Zebaki Haifagiwi

Mhadhara kwa walimu wa sayansi na wasimamizi wa maabara za shule, Busia, Uganda

Walimu wenzangu, wasimamizi wa maabara, na nyinyi vijana mliokuja na walimu wenu, hamjambo. Nimeombwa nizungumze Kiswahili kwa sababu humu ukumbini tumo Wasamia, Wateso, Waganda, na wageni wetu waliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Busia ya Kenya. Kiswahili ndicho tunachonunulia na kuuzia hapa mjini, basi leo na tusomee sayansi kwacho.

Mwalimu uliyekaa hapo mbele, naomba uipokee chupa hii. Usiifungue, kizibo nimekiziba kwa nta. Haya, iinue. Mmeona mkono wake ulivyoshuka? Alidhani anapokea kichupa cha dawa. Ndani mna mililita 10 tu, lakini uzito wake ni gramu 135. Maji ya kipimo hichohicho yangekuwa gramu 10. Mpe jirani, naye ampe wa nyuma, kila mtu aishike. Hiyo ndiyo zebaki. Ni metali kama chuma au shaba, ila haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 39 chini ya sifuri, kwa hiyo sisi huku tunaijua ikiwa majimaji tu. Muione pia ile tabaka ya maji juu yake. Nitawaeleza kazi yake.

Nilipokuwa sinia 3, yaani kidato cha tatu, katika shule ambayo sitaitaja, kipimajoto cha zebaki kiliniponyoka mkononi kikavunjika sakafuni. Mwalimu akaniambia, "Fagia haraka, wenzako wanangoja." Nikafagia. Kila nilipopitisha ufagio, tone moja likawa matano, matano yakawa ishirini, yakakimbilia chini ya meza na kwenye nyufa za saruji. Nikamwaga maji, nikapiga deki, maji nikayamimina kwenye sinki. Matone makubwa niliyoweza kuyaokota niliyafunga kwenye karatasi nikaenda nayo bwenini. Kwa wiki kadhaa tuliyachezea usiku, tukiyaviringisha viganjani na kuyapaka kwenye sarafu zikang'aa kama mpya. Tulilala na karatasi ile chini ya mto.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alifanya anachofanya mtu yeyote msafi kitu kinapomwagika, na mimi nilitii. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu: kwa zebaki, usafi wetu wa kila siku, ufagio, deki na maji ya bomba, ndio unaoisambaza.

Tuangalie kwa hesabu. Chukueni tone lenye kipenyo cha milimita 5, kama punje ya choroko. Uzito wake unakaribia gramu 1. Ufagio ukilipasua likawa vitone 1,000 vya nusu milimita, zebaki haijaongezeka hata chembe, lakini uso wake unaogusana na hewa umekuwa mara 10. Na mvuke hutoka usoni. Kwa hiyo aliyefagia ameufungulia mvuke milango kumi badala ya mmoja.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hutoka hata pasipo moto, katika joto hilihili tulilonalo humu ndani. Fikirini chumba cha maabara chenye meta 10 kwa 8, kimo chake meta 3. Hizo ni meta za ujazo 240. Gramu 1 ya zebaki ikigeuka mvuke yote ikabaki humo, kila meta ya ujazo itabeba zaidi ya miligramu 4. Kikomo ambacho wataalamu wengi wa afya kazini wanakitumia ni miligramu 0.025. Hiyo ni zaidi ya mara 160. Sisemi itageuka mvuke yote kwa siku moja. Hutoka polepole, na madirisha yakiwa wazi upepo huichukua. Lakini ile iliyojificha kwenye ufa wa sakafu hutoka leo, hutoka mwezi ujao, na hutoka zaidi mchana jua linapochoma mabati. Anayeivuta kila siku ni msimamizi wa maabara, anayefungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Ndugu zangu wasimamizi, ninyi ndio ninaowafikiria zaidi ninaposema haya.

Watu wengi huogopa kuigusa au kuimeza. Zebaki ya metali ikimezwa, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Bado mpelekeni mtoto hospitali, maana pengine amemeza na kioo. Ikivutwa kwa pumzi mambo hugeuka: karibu asilimia 80 ya mvuke ulioingia mapafuni hubaki mwilini. Huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Dalili zake hazina haraka. Mikono huanza kutetemeka, mwandiko ukaharibika. Usingizi hukatika. Mtu aliyekuwa mchangamfu huwa na hasira za ghafla, au aibu isiyo na sababu, na kusahau majina ya wanafunzi wake. Fizi huvimba. Nani atasema hiyo ni zebaki? Tutasema amechoka, tutasema amerogwa.

Sasa kipimajoto kikivunjika tufanye nini? Nitakwenda taratibu hapa.

Kwanza watoe wanafunzi, waliosimama karibu wakague nyayo za viatu mlangoni ili wasiondoke na matone. Mwenye mimba asisaidie kazi hii, hata kama ndiye mkuu wa idara. Fungua madirisha ya nje, funga mlango unaoelekea kwenye madarasa, zima feni. Zima vichomeo vyote. Kisha vua pete, bangili na saa. Zebaki huila dhahabu, hushikamana nayo, na pete ya ndoa itatoka nyeupe. Vaa glovu.

Chukua kadi mbili ngumu, hata kipande cha boksi la chaki kinafaa. Anza pembeni, uje katikati, ukiyasukuma matone taratibu yakutane. Yanapenda kuungana, yaache yaungane. Zima taa, laza tochi sakafuni ili mwanga wake upite chinichini: vitone vyote vitawaka kama macho ya paka. Vivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vile vidogo kabisa vinase kwa selotepu. Vioo viokote kwa kipande cha karatasi ngumu. Kwenye nyufa nyunyiza unga wa salfa, ambao karibu kila maabara yetu unao. Salfa huungana na zebaki ikawa salfaidi isiyotoa mvuke kirahisi. Uache, kisha uuzoe kwa karatasi iliyolowa.

Vyote ulivyokusanya, pamoja na glovu, selotepu na karatasi, viingie kwenye chombo chenye kizibo kinachobana. Zebaki yenyewe itie kwenye chupa nene, umimine maji kidogo juu yake. Sasa mnajua kazi ya ile tabaka mliyoiona: maji huzuia mvuke usipande. Andika nje ZEBAKI, andika tarehe, fungia kabatini. Usitumie kopo la alumini. Zebaki huondoa ile ngozi nyembamba inayoilinda alumini, na metali huanza kuota unga mweupe na kuoza mbele ya macho yako. Mwili wa ndege nyingi ni wa alumini, ndiyo sababu hairuhusiwi kusafiri nayo kwa ndege.

Mwalimu pale nyuma ananyoosha mkono. Anauliza kama haitoshi kuisukuma kwenye sinki na maji mengi. Haitoshi, mwalimu. Ni nzito mara 13 na nusu kuliko maji, haitachukuliwa. Itakaa kwenye ule mpindo wa bomba chini ya sinki, na kila anayenawa mikono atapumua juu yake. Ile niliyoimimina mimi nikiwa sinia 3, sina sababu ya kuamini kwamba iliondoka.

Kuna pia mazoezi ya zamani yanayofaa kuachwa leo hii. Kupasha moto oksaidi nyekundu ya zebaki ili kutoa oksijeni, kama alivyofanya mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley mwaka 1774, kunatoa oksijeni na mvuke wa zebaki kwa pamoja, mbele ya darasa la watoto 80. Oksijeni tunaipata vizuri tu kwa haidrojeni peroksaidi. Kimiminika cha Millon cha kupimia protini nacho kina zebaki ndani yake. Kipimo cha bayureti kinafanya kazi hiyohiyo bila zebaki.

Na msizitegemee glovu kupita kiasi. Mwaka 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya daimethili zebaki juu ya glovu ya mpira. Alikuwa mtaalamu wa metali zenye sumu na alifuata taratibu zilizojulikana wakati ule. Dalili zilichelewa kwa miezi, na mwezi wa Juni 1997 akafariki. Baadaye ilibainika kwamba kemikali ile hupenya glovu za namna hiyo kwa sekunde 15 au pungufu. Kemikali hiyo si zebaki ya kipimajoto, na hamtaikuta shuleni, msiondoke na hofu hiyo. Ninalotaka mlichukue ni kwamba glovu ya kazi moja si glovu ya kazi zote.

Hapa Busia siwezi kumaliza bila kuigusa dhahabu. Tuna watoto wanaotoka Tiira na machimbo mengine, na wapo wanaoijua zebaki kabla ya kuiona shuleni. Wameona mama akiikanda na mchanga mzito ndani ya karai ili iinase dhahabu, wameona baba akilichoma lile donge kwenye kijiko, juu ya jiko la mkaa, ndani ya nyumba wanamolala. Zebaki inapanda, dhahabu inabaki. Moto huo unatoa mvuke mwingi mno kuliko kipimajoto chochote. Mtu akiuvuta kwa wingi hupata kikohozi, kifua kubana na homa, akaenda kununua dawa ya malaria. Mwanafunzi akikuletea zebaki kwenye kichupa, usimfokee na usimpige. Ipokee, iwekee maji, ifunge, kisha muulize nyumbani wanaichomea wapi. Ukifanikiwa tu kuuhamisha moto ule kutoka jikoni hadi nje, mbali na watoto, umefanya kazi kubwa, hata kabla hatujafika kwenye mtambo wa kuunasa mvuke.

Vichupa vikijaa kabatini, msivizike nyuma ya choo wala kuvitupa kwenye shimo la takataka linalochomwa. Andikeni barua kwa afisa mazingira wa wilaya, na mjiwekee nakala.

Basi, nimezungumza vya kutosha. Kwenye masinia haya nimemwaga ulezi badala ya zebaki. Kila meza ina kadi mbili, tochi na bomba la sindano. Tutakusanya punje zote bila kufagia na bila kupuliza. Mwenye pete aivue. Meza ya kwanza, anzeni pembeni.