Foklifti inayogoma na kuondoka tena

Ndugu mafundi, nanyi vijana mnaojifunza, asanteni kwa kunikaribisha. Nimekuja na ugonjwa mmoja tu: foklifti kuukuu ya betri inayokwenda vizuri asubuhi, saa tano inagoma, ukiiacha dakika kumi inaondoka kama haikuwa na lolote.

Mashine iliyokufa kabisa haisumbui. Hii ndiyo inayomfanya mwenye mali auziwe kontrola mpya, kile kifaa kinachoipimia mota umeme, na ya zamani ilikuwa nzima. Inaniuma kila nikiliona.

Kwanza muulize dereva: ikigoma, uma wa kunyanyulia mzigo unapanda? Ukipanda kwa nguvu zake zote, betri na plagi yake usianze nazo. Tafuta upande wa mwendo: swichi ya kiti, ya mbele na nyuma, ya handbreki, pedali. Mimi huanza na kiti. Sponji ikishachoka, dereva mwembamba akipita kwenye shimo ananyanyuka kidogo, na mashine inadhani ameshuka.

Uma nao ukilegea, rudi kwenye betri. Ya tindikali ya volti 48 ina seli 24. Usizipime zikiwa zimepumzika, maana hata seli mgonjwa itakusomea volti 2. Dereva anyanyue mzigo, wewe upime moja moja. Inayoporomoka peke yake chini ya 1.75 umeipata.

Sasa waya mnene, na hapa naomba tutulie. Wengi tunapima kama umeme umefika. Pima unapopotea! Chomoa betri, vua saa na pete, kisha bana ncha moja ya mita mwanzo wa waya na nyingine mwisho wa waya uleule. Mita ifungwe mbali na magurudumu, iwekwe ihifadhi kipimo cha juu kabisa. Rudisha betri, dereva aende na mzigo mpaka igome. Waya mzima husoma karibu na sifuri. Uliowahi kunihangaisha siku mbili ulisoma volti 3. Nje safi, kumbe ndani ya ganda tindikali ilishakula shaba, zimebaki nyuzi chache. Zikipata moto zinaachia, zikipoa zinashika. Ndiyo zile dakika kumi.

Na kaboni za mota, vile vipande vinavyogusa shaba inayozunguka ndani na kuipa umeme: zikiisha, springi haizifikishi tena kwenye shaba hiyo. Ukiigonga mota kwa mpini wa nyundo ikaondoka, usimrudishie dereva. Ifungue siku hiyohiyo, kabla springi yenyewe haijaanza kuchimba ile shaba.