Oksaidi ya grafiti: kazi iko kwenye barafu na kuosha
(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa kemia, Tanga)

Walimu wangu, shikamooni. Vijana mliobanana huko nyuma, hamjambo?

Grafiti, ile kaboni nyeusi ya kwenye penseli, tunayo, Mahenge imejaa. Shughuli ni kuigeuza oksaidi, yaani kuzipachika tabaka zake oksijeni, bila kuunguza maabara. Brodie, Uingereza, mwaka 1859, alitumia kloreti ya potasiamu na asidi kali ya nitriki. Gesi inayotoka humo hulipuka. Mwaka 1958 Hummers na Offeman wakaleta asidi ya salfuriki, nitrati ya sodiamu na pamanganeti ya potasiamu, na kazi ya siku ikawa ya saa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wakaitoa nitrati, wakatia asidi ya fosforiki, sehemu 1 kwa 9 za salfuriki. Ule moshi wa sumu wa nitrojeni ukakoma. Mimi nitrati siigusi tena.

Sasa joto. Maelezo mengi husema “joto la chumba”. Chumba cha nani? Februari hapa Tanga ni nyuzi 30 na ushei! Pamanganeti ndani ya salfuriki huzaa mafuta ya kijani ya manganizi, ambayo yakipita nyuzi 55 hulipuka. Kwa hiyo tia kidogo kidogo, bika (chombo cha kioo cha maabara) likiwa ndani ya barafu, chini ya nyuzi 20. Barafu ya wavuvi wa soko la Deep Sea yafaa kabisa, maana haiingii ndani ya bika. Njia ya Rice, baada ya kutia, hukaa nyuzi 50 kwa saa 12, karibu mno na mpaka huo, kipimajoto kisitoke.

Kuosha ndiko watu wanakoharakisha. Ukianza na maji matupu, asidi ikipungua vipande huvimba vikawa rojo na kuziba chujio. Anza na asidi hafifu ya haidrokloriki, iondoe manganizi, ndipo maji. Chumvi za potasiamu zikibaki, oksaidi kavu hushika moto upesi. Na usiikaushe kwenye tanuri kali: hufumuka ghafla.

Unyevu nao haufichiki. Tabaka za grafiti zimeachana nanomita 0.335, za oksaidi hufika 0.7 hadi 0.9, kadiri zilivyonywa maji. Sampuli ya masika na ya kiangazi zitatoa vipimo tofauti hata kama mkono ni mmoja. Andikeni unyevu wa siku hiyo daftarini, la sivyo mtabishana bure na wenzenu wa Dodoma.

Maji machafu msimwage sinki. Ueni asidi yake kwa chokaa polepole, tope litakalotuama liwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko na lebo.

Haya, nani ana swali?