Kufufua pikipiki kuukuu iliyooza nyaya: mita itakudanganya, balbu haitakudanganya

Karibuni tena. Hii mnayoiona mbele ya kamera ni pikipiki ya silinda moja, CC 125, imelala chini ya turubai miaka tisa. Mwenyewe aliniambia kwa simu kwamba "ina tatizo dogo la umeme." Sasa sogeeni hapa chini ya kiti muone hilo tatizo dogo. Waya mwekundu umeungwa na wa kijani, wa kijani umeungwa na wa njano, na wa njano umeishia hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Tepu imeyeyuka imekuwa gundi. Panya nao wamepita.

Leo tunazifanya nyaya upya. Kabla hujashika chochote, toa betri. Anza na upande uliofungwa kwenye fremu, ambao kwa pikipiki nyingi ni hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu utaona cheche usizozipenda, tena karibu na tangi. Angalizo kwa wenye pikipiki za zamani kweli: nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zilifungwa chanya kwenye fremu, na baadhi ni za volti 6. Fuata mkono wa betri, yaani ule waya wake mnene, uone unakwenda wapi, usiamini mazoea. Kisha mwaga petroli yote ya zamani, tangi liwekwe mbali na hapa tunapofanyia kazi.

Injini nitaipitia haraka. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja au viwili vya oili ndani ya silinda, iache hadi kesho, halafu isukume kiki kwa mkono polepole. Ikizunguka, endelea. Ikikataa, usiipande kwa miguu miwili; ongeza oili, mpe siku nyingine. Kabureta ifunguliwe, jeti zisafishwe, maana petroli ya miaka huacha utando kama vanishi na kitundu cha jeti ni chembamba kuliko sindano. Haya yafanyike mwanzo, kwa sababu kufunga nyaya mpya kwenye injini iliyoganda ni kumvisha suti maiti.

Sasa kazi yenyewe. Tangi tayari liko mbali; toa kiti na kioo cha taa ya mbele. Usikate waya hata mmoja bado! Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukata. Pikipiki yangu ya kwanza nilinyofoa fungu zima la nyaya asubuhi moja, nikalitupa, nikajiona fundi. Wiki tatu baadaye nilikuwa bado nimekaa chini nakisia waya wa taa ya breki ulikuwa unapita wapi. Kwa hiyo piga picha kila soketi, mbele na nyuma. Kisha chukua tepu ya karatasi na kalamu, kila waya upate kibandiko: unatoka wapi, unakwenda wapi. Andika kazi yake, kama "swichi ya breki ya nyuma," usiandike rangi peke yake. Rangi zimefifia zote zimekuwa kahawia, na aliyeunga mwisho alitumia waya wowote aliokuwa nao mfukoni.

Ukitaka kujua rangi ya asili, chana kidogo ganda la nje la fungu, pale ambapo jua halikufika. Unaona? Hapa ni kijani kabisa. Na rangi husaidia ukijua lugha ya kiwanda. Kwenye Honda kijani ndicho kinachorudi kwenye fremu, na mweusi ndio unaopata moto, yaani umeme wa betri, ukiwasha ufunguo. Yamaha mweusi ndio wa kurudi, wa kahawia ndio wa ufunguo. Suzuki wa kurudi ni mweusi wenye mstari mweupe, Kawasaki ni mweusi wenye mstari wa njano. Mtu aliyezoea Honda akiingia Yamaha akauona mweusi, akadhani ni moto, ataunguza fyuzi mchana kutwa.

Tunakagua waya mmoja mmoja kwa mkono. Ukunje. Waya mzima unakubali kama uzi wa kiatu. Huu hapa, sikilizeni... umelia kama tambi kavu. Plastiki yake imekakamaa kwa joto na umri, huu hauna maisha. Pale panapoonekana pazima, menya ncha uangalie shaba. Ikiwa inang'aa, sawa. Ikiwa nyeusi au ina unga wa kijani, rudi nyuma sentimita mbili, menya tena. Mimi nikirudi sentimita tano bado ni nyeusi, waya huo natoa wote. Sehemu za kutazama kwa makini ni shingo ya usukani, ambako nyaya hujikunja kila unapokata kona; karibu na ekzosi; na chini ya madigadi ya nyuma, ambako maji na matope hupiga.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanachukua mita ya kupimia umeme, wanaiweka kwenye mlio, wanagusa huku na huku, mita inalia "piiii," wanasema waya mzima. Sikilizeni: ndani ya waya kuna nyuzi nyingi nyembamba. Zikikatika zote ukabaki unywele mmoja, mita bado italia, kwa sababu yenyewe inapitisha umeme kidogo mno. Lakini taa ya mbele ya wati 35 inataka karibu ampea 3. Unywele ule hauwezi. Ndiyo maana unasikia mtu amebadilisha koili, amebadilisha CDI, kile kisanduku cha kuongoza cheche ya plagi, amebadilisha swichi, na taa bado ni ya mshumaa.

Kwa hiyo chombo changu cha kupimia ni hiki: balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, nimeifunga nyaya mbili ndefu zenye vibanio. Waya ninaoushuku naupitishia balbu hii, upande mmoja betri iliyo kwenye benchi. Ikiwaka nyeupe, waya unabeba mzigo. Ikiwa nyekundu kama kaa la moto, waya umekufa hata kama mita inaimba. Tazameni huu wa taa ya mbele: mita inalia... balbu, giza. Umeona mwenyewe.

Kuhusu kukarabati au kufanya upya, msimamo wangu ni huu: sehemu mbovu zikizidi tatu kwenye fungu moja, usikarabati. Kila kiungo kipya ni mahali pengine pa kuharibika. Hii yetu nimehesabu kumi na moja, nikaacha kuhesabu.

Tandaza fungu la zamani kwenye ubao, kila tawi likae lilivyokaa kwenye pikipiki, ulipigie misumari ya kulizuia. Hiyo ndiyo ramani yako. Nyaya mpya unazilaza juu yake. Tumia waya wa magari wenye nyuzi nyingi. Waya wa nyumbani wenye shaba moja nene usiulete hapa, mtetemo wa injini utaukata. Kwa indiketa na taa ndogo, milimita za mraba 0.5 hadi 0.75 zinatosha, taa ya mbele na honi nawapa 1, njia kuu kutoka betri hadi ufunguo napenda 2. Kwenye shingo acha urefu wa ziada, kisha zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Waya ukivutika sasa, utakatika baadaye.

Viungo. Swali hili mnaniuliza kila mara: kulehemu kwa risasi au kubana? Kwenye pikipiki nabana. Risasi ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama msumari, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapokata. Tumia plaizi ya kubania yenye meno yake, si koleo la kung'olea misumari. Bana kichwa, kile kichuma cha ncha ya waya, mara mbili: meno ya ndani yashike shaba, ya nje yashike ganda. Halafu vuta kwa nguvu. Ukichomoka mkononi, shukuru haukuchomokea barabarani. Juu yake vaa mpira wa kusinyaa, pitisha moto kwa mbali ukamate. Ukisahau kuuvisha mpira kabla ya kubana kichwa, karibu kwenye chama, tuko wengi.

Fungu likikamilika, lizungushie tepu ya kitambaa. Ile tepu nyeusi ya kawaida ndiyo iliyotuletea gundi tuliyoiona mwanzo.

Sasa njia ya kurudi, yaani ule umeme unaorejea betri kupitia fremu. Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Rangi si njia ya umeme, kutu si njia ya umeme. Bolti ya kurudishia ya pikipiki hii ilikuwa imepakwa rangi nzuri kabisa, juu na chini. Nimepiga msasa mpaka chuma kimekuwa cheupe, nimeweka washa ya meno, nimekaza, ndipo nikapaka grisi juu ya kila kitu kuzuia unyevu. Kisha natoa mkono kutoka hasi ya betri hadi injini, mwingine hadi fremu, na waya wake wa peke yake hadi taa ya mbele. Wa taa usiuache, kwa sababu bila huo umeme unalazimika kupita kwenye beringi za usukani zilizojaa grisi.

Swichi za mkononi zifungue polepole ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, maana kuna springi na kigololi vinavyoruka na havirudi. Sugua migusano kwa msasa laini sana, futa, rudisha.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita ishirini hivi, ili waya usiolindwa uwe mfupi. Ukubwa wake fuata wa kiwanda. Hii ni ampea 10. Mtu akikwambia aweke karatasi ya sigara au uzi wa shaba "kwa muda tu," mpokonye spana.

Kabla ya kuwasha, balbu yetu inarudi kazini. Toa fyuzi, mahali pake funga balbu ile ya wati 21. Chomoa pia balbu ya taa ya mbele, la sivyo itavuta umeme wake wa haki ukadhani ni ugonjwa. Rudisha betri. Ufunguo umezimwa: balbu isiwake kabisa. Washa ufunguo... inawaka hafifu, ni taa ya nyuma na taa ya gia. Vizuri. Sasa nabonyeza breki... oho! Imewaka kali. Hiyo ni shoti, na kwa sababu balbu imesimama njiani, hakuna kilichoungua. Nachomoa soketi ya taa ya nyuma, bado kali. Nachomoa swichi ya breki ya mguu... imezima. Kumbe kichwa cha waya kimegusa mkono wa pedali. Nakisogeza, nakivika mpira, nabonyeza tena: hafifu. Hivyo ndivyo inavyotafutwa. Fyuzi tano zingekwenda hapa bila kukwambia lolote.

Moto wa plagi. Plagi ikiwa nje, kofia yake ikiwa imevaliwa, igandamize kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda, piga kiki. Unataka cheche ya bluu. Kama hakuna, kwa pikipiki za CDI zinazopata umeme wake kwenye koili ya sumaku, chomoa waya wa kuzimia unaoingia kwenye CDI ujaribu tena. Waya huo huzima injini kwa kugusa fremu, kwa hiyo swichi iliyooza au waya uliochubuka huizima kabla haijawaka. Cheche ikirudi, CDI yako ni nzima, weka hela zako mfukoni. Jambo jingine dogo: kofia ya plagi hufunguka kwa kuzungusha. Kata milimita tano za mwisho wa waya, upate shaba mpya, izungushie tena.

Petroli mpya, plagi ndani, fyuzi halisi imerudi, balbu ya mbele imerudi. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, imekohoa. Ya tatu... hiyo hapo! Moshi mweupe ni ile oili tuliyomimina, utaisha.

Usitoe betri injini ikinguruma kuona "kama inachaji". Volti zitapanda ziunguze balbu na regyuleta, kile kifaa kinachozuia volti za chaji zisizidi. Weka mita kwenye betri, hapa ndipo mahali pake. Kabla ya kuwasha ilisoma 12.6. Sasa bila gesi ni 13.1. Naongeza gesi... 14.2. Ingebaki 12 na kitu, ningekwenda kwenye koili za chaji na regyuleta. Ingepita 15, regyuleta imekufa na betri ingechemka.

Kipimo cha mwisho. Taa ya mbele imewashwa, ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa kurudi wa balbu. Siku ya kwanza hapa palisoma volti 2.3 zilizopotea njiani. Leo 0.1. Nageuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, injini ikinguruma, taa haipepesi. Baada ya wiki ya kuendesha nitafungua tena kioo cha taa niguse soketi moja moja kwa kidole. Iliyo moto kuliko wenzake ndiyo nitakayoibana upya.