Popi Chini ya Meza

KAHINDI: Bwana asifiwe, wapendwa. Kahindi hapa, na leo hatuko studio. Tuko Malindi, barazani kwa Dada Dama, joto limetutoa ndani. Mkisikia kuku na bodaboda, vumilieni. Mkisikia mtu akihema karibu na maikrofoni, huyo ni Popi, mbwa wa nyumba hii.

DAMA: Amina, asifiwe. Karibuni nyumbani. Popi ana miaka 11 sasa, yuko hapa miguuni pangu, na bila yeye kipindi cha leo kisingekuwapo.

KAHINDI: Jumapili tukitoka ibadani uliniambia neno ambalo sikulala nalo. Ulisema kuna mwaka sala ilikufia mdomoni, na aliyekurudisha ni mbwa. Nikakwambia hilo usinimalizie njiani.

DAMA: Ndiyo. Ngoja niliseme taratibu, maana ni jambo la nyumba yangu. Miaka 8 iliyopita Kadzo, kitinda mimba wangu, alilazwa na malaria kali. Siku 9. Siku ya tatu akaanza degedege, na baada ya hapo akawa hanijui. Ukimwita anatazama ukuta. Mimi ni mtoto wa kanisa, Kahindi. Mama yangu alinifundisha kuomba kabla sijajua kusoma, na shule ya Jumapili nimefundisha mwenyewe. Lakini siku ya nne nilipiga magoti pale kando ya kitanda, nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Kesho yake vilevile. Nikaacha kupiga magoti.

KAHINDI: Ulikuwa umemkasirikia Mungu?

DAMA: Hasira ingekuwa nafuu, mtu mwenye hasira ana la kusema. Mimi nilikuwa nimekauka. Jioni dada yangu alinipokea wodini, nami nikaja nyumbani kuoga, kupika uji wa kubeba asubuhi, na kutia kitu tumboni. Jioni ya siku ya sita umeme ulikatika. Nikawasha koroboi, nikaketi mezani na sima na kipande cha tafi. Sikula. Niliushika ule mkate wa... samahani, lile tonge la sima mkononi, nikabaki nalo tu.

KAHINDI: Umesema mkate.

DAMA: Nimesema mkate, ndiyo. Utaona kwa nini. Popi alikuwa chini ya meza. Ananitazama. Nikisema ananitazama, sisemi usoni. Anautazama mkono. Mkono ukienda kwenye sahani, macho yanaenda kwenye sahani. Mkono ukipanda kichwani, macho yanapanda. Habweki, halii, hagusi mguu wangu. Nikakaa labda nusu saa, na yeye nusu saa, hakuchoka kuutazama mkono. Ndipo Zaburi ya 123 ikanijia, ile ya macho ya mjakazi kwa mkono wa bibi yake, hivyo macho yetu kwa Bwana hata atakapoturehemu. Nimeikariri zaburi ile toka utotoni na sikuwahi kuiona. Jioni ile niliiona kwa macho, iko chini ya meza yangu ina mkia.

KAHINDI: Ukaomba?

DAMA: Sikuomba kwa maneno. Nilizima koroboi, nikakaa gizani, nikamtazama Mungu jinsi Popi alivyonitazama. Sikumweleza ugonjwa, anaujua. Sikumwahidi kitu. Nilikaa tu, nikingojea mkono wake. Nilikaa mpaka nikasikia adhana ya isha, na moyo wangu, ambao ulikuwa umebana kama ngumi siku zote zile, ukafunguka nikalia. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza ya utu uzima, naamini hivyo.

KAHINDI: Dada, unajua hujawa wa kwanza. Martin Luther, yule Mjerumani wa matengenezo ya Kanisa, alikuwa na mbwa aliyeitwa Tölpel. Wageni waliokula kwake walikuwa wakiandika mazungumzo yake ya mezani. Mwaka 1532 wakaandika kwamba mbwa yule alikuwa anangoja kipande cha nyama, kinywa wazi, macho hayapepesi, na Luther akasema laiti naye angeweza kuomba jinsi mbwa anavyoitazama nyama. Maana mawazo yote ya mbwa yamo kwenye ile nyama, hana jingine.

DAMA: Kumbe! Karibu miaka 500.

KAHINDI: Na meza ni ileile.

DAMA: Basi ngoja niseme jambo kabla mtu hajaliweka vibaya. Kadzo alipona. Siku ya tisa tukatoka naye, leo yuko sekondari. Lakini kitanda cha pili yake alilala mtoto wa kiume, rika lake, na mamake aliomba usiku na mchana, sauti ilimkauka. Mtoto yule alifariki. Nilimsaidia mamake kukunja leso zake. Kwa hiyo mtu asinisikilize akafikiri nauza njia ya kuomba inayoponya. Siwezi kusimama mbele ya mama yule nikasema hivyo. Ninachosema ni kwamba mimi nilikuwa nimetoka mezani pa Mungu, na nikarudishwa, kabla sijajua mtoto ataishi au la.

KAHINDI: Asante kwa kulisema. Sasa, hizo siku 9, Popi alikula nini asubuhi na mchana? Nyumba ilikuwa imefungwa.

DAMA: Hapo ndipo pananiliza hata leo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kibajuni, Mwislamu mcha Mungu hasa. Wewe unajua hapa kwetu Pwani. Paka ni wa kila nyumba, anaingia anatoka, lakini mbwa ana taabu. Mate ya mbwa kwao ni najisi, yakikugusa inabidi ujitwaharishe kabla ya kuswali. Nami toka tulipomleta Popi nilijitahidi asivuke upande wake. Sasa siku ya saba narudi mchana ghafla, nakuta bakuli la Popi limejaa wali na vichwa vya samaki, na jirani yangu amesimama mbali kidogo, buibui ameikusanya kwa mkono mmoja, mkono mwingine ana ufito analisukumia bakuli lile chini ya lango.

KAHINDI: Ee Mungu wangu.

DAMA: Alifanya hivyo kila siku toka tulipoondoka, na hakuniambia. Nikamwambia, bibi yangu, na udhu wako? Akaniambia, "Mama Kadzo, huyu naye ni kiumbe." Kisha akanisimulia kwamba kwao kuna hadithi ya Mtume, ya mtu aliyemkuta mbwa anakula udongo kwa kiu, akateremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe mtu yule dhambi zake.

KAHINDI: Ninaijua hadithi hiyo, nimeisikia Lamu.

DAMA: Sasa fikiria Mathayo 15. Yule mama Mkanaani, binti yake mgonjwa, anamlilia Yesu. Anaambiwa si vema kuwatupia mbwa chakula cha watoto. Anajibu, ndiyo Bwana, lakini hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Nimeifundisha sura ile miaka na miaka, na kila mara nilijiweka wapi? Kwenye kiti. Mimi ni mtoto wa nyumba, najaliwa mkate, na mama yule ni mgeni tunayemhurumia. Siku ya saba, pale langoni, nikajua mahali pangu. Mimi ndiye mama mwenye binti mgonjwa. Na aliyeniletea makombo ni mtu ambaye mimi, kimoyomoyo, sikuwahi kumweka mezani. Nilimsalimu kila asubuhi, lakini sikuwahi kumhesabu kwamba Mungu anaweza kunilisha kwa mkono wake. Nilitubu palepale. Ndiyo maana tonge langu la sima likaniponyoka likawa mkate.

KAHINDI: Mwalimu wetu wa chuo cha Biblia alituonyesha kitu kwenye sura hiyo. Neno la Kigiriki linalotumika pale ni la udogo, ni kijibwa. Mbwa wa nyumbani anayezungukazunguka miguuni watu wakila. Halisemi mbwa wa jalalani.

DAMA: Basi ni Popi. Yuko chini ya meza, lakini yuko ndani.

KAHINDI: Yuko ndani.

DAMA: Sasa na wewe, ndugu yangu. Umenichimba mimi, nawe useme la punda.

KAHINDI: La punda ni la aibu, lakini nitalisema. Baba yangu alikuwa fundi wa mawe, akapata kazi Lamu, tukahamia. Nikiwa na miaka 17 nilikuwa naswaga punda. Mchanga na mawe yanashushwa kwa mashua pale gatini, punda wanapandisha mpaka kwenye nyumba inayojengwa. Wasioijua Lamu wajue kwamba vichochoro vile havipiti gari. Vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kila jiwe la mji ule limepita mgongoni mwa punda.

DAMA: Na shogi zake mbili, yale makapu ya mzigo, huku na huku.

KAHINDI: Shogi zimejaa mchanga. Siku moja, mtaa wa Mkomani, punda jike niliyekuwa naye akagoma. Nikampiga. Akasogea hatua mbili, akajibana ukutani na kuniminya mguu. Nikampiga tena, kwa hasira sasa. Akapiga magoti chini na mzigo. Nikampiga mara ya tatu. Mzee mmoja akatoka mlangoni mwake, hakunigombeza. Akafungua kamba, akateremsha shogi, akaniita nitazame. Chini ya shogi kulikuwa na kidonda upana wa kiganja changu. Kamba ilikuwa imekula ngozi siku nyingi, na mimi ndiye niliyekuwa naifunga kila asubuhi.

DAMA: Hesabu 22.

KAHINDI: Neno kwa neno, dada, na nilikuwa sijaisoma! Punda wa Balaamu alikepuka njia, akambana Balaamu mguu ukutani, akalala chini. Mara tatu akapigwa. Na Mungu alipomfungua kinywa hakutoa unabii wowote, aliuliza tu, nimekutenda nini? Wangu hakufunguliwa kinywa. Lakini nilipoisoma baadaye, nililisikia swali lile kwa macho ya yule jike. Na ukiendelea mbele, malaika aliyesimama njiani anamwambia Balaamu kwamba kama punda asingekepuka, yeye malaika angemuua Balaamu na kumwacha punda hai. Kumbe anayepigwa ndiye anayemwokoa anayempiga. Mkristo hawezi kupita pale haraka.

DAMA: Hapana, hawezi.

KAHINDI: Mzee yule akanipeleka kwenye kituo cha kutibia punda, kiko Lamu toka 1987, wanatibu bure. Wakasema apumzike. Basi sikulipwa wiki mbili, na kila asubuhi nilikwenda kumwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Nilibatizwa mtoto mchanga. Kipaimara nilipata kwa sababu wenzangu walipata. Lakini toba ya kwanza niliyoifanya mwenyewe, kwa jina langu, nilimfanyia punda.

DAMA: Watu husema ule msalaba mgongoni mwa punda ni ukumbusho wa kuingia Yerusalemu.

KAHINDI: Wanasema, na ni masimulizi mazuri, lakini mimi siyafundishi. Mistari ile wameirithi kwa punda-mwitu wa Nubia, ilikuwapo zamani kabla ya Jumapili ya Matawi. Kwangu Zekaria 9 inatosha. Mfalme anakuja, naye ni mnyenyekevu, amepanda punda. Anayebeba mchanga ndiye aliyebeba Mfalme, bila alama yoyote ya kumtambulisha.

DAMA: Nimelipenda hilo. Sasa, kabla hatujaaga, nina neno la nyumbani. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Mtu asitoke hapa na somo la mbwa na mbwa wake hajachanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ni kila mwaka. Na mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake pilipili, msipake mafuta ya taa. Nimeona.

KAHINDI: Wenzetu Wakatoliki hubariki wanyama tarehe 4 Oktoba, siku ya Fransisko wa Assisi. Siyo yule Fransisko Ksaveri aliyepita hapa Malindi mwaka 1542 akienda Goa, watu huwachanganya kwa sababu ya kile kikanisa cha Wareno. Mimi ningependa siku ya baraka iwe pia siku ya chanjo, mahali pamoja.

DAMA: Amina kwa hilo. Mpelekee mchungaji.

KAHINDI: Nitampelekea. Na jirani yako, dada? Nyumba yake naona ina watu wengine.

DAMA: Alirudi kwao Faza, kisiwani Pate, mumewe alipostaafu. Hupiga simu. Popi sasa macho yana ukungu, haoni mkono tena, anaufuata kwa kunusa. Juzi jirani kapiga, kauliza watoto, kauliza shamba, halafu kama kawaida yake akauliza, "Na yule kiumbe?" Nikamwambia yupo, amelala miguuni pangu.

KAHINDI: Mwambie tumemsalimu sana.

DAMA: Nitamwambia leo jioni.