Chang'ombe tatu kwenye ramani moja

ZUHURA: Juma, wiki hii sijalala. Ile ramani ya visima vya Temeke...

JUMA: Si ulisema imekwisha, dada?

ZUHURA: Kwangu ilikuwa imekwisha! Plagini, yaani nyongeza, ya QGIS, programu ya ramani, nimeiandika kwa lugha ya Python kwenye laptopu yangu ya Linux, kila kitu safi. Jumatatu mteja anaifungua kwenye Windows, ananitumia picha. Kata ya Chang'ombe imeandikwa Changâ€™ombe.

JUMA: A yenye kofia, alama ya yuro na TM kadogo. Sura hiyo naijua. Ritifaa, hiyo alama ya ng', ikiwa imepinda, kwa UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi kama baiti, ni baiti tatu, E2 80 99. Ukizisoma kwa cp1252, njia ya zamani ya Windows, kila baiti inakuwa herufi yake.

ZUHURA: Na mimi siku mbili nachokonoa fonti za lebo! Mpaka nilipofungua faili kwa "rb", kusoma baiti ghafi, nikaziona hizo baiti tatu zimekaa sawasawa. Faili lilikuwa zima. Kosa lilikuwa kwenye mstari wangu wa kufungua faili, open(), sikutaja usimbaji, yaani baiti zisomwe kwa njia ipi. Usipotaja, Python inauliza mfumo wa kompyuta. Linux yangu ilijibu UTF-8, Windows ya mteja ikajibu cp1252.

JUMA: Ukaandika encoding="utf-8", ukalala.

ZUHURA: Nikaandika, majina yakasomeka. Nahesabu visima kwa kata, Chang'ombe zinakuja tatu! Moja ritifaa imenyooka, moja imepinda, moja haina kabisa. Wadodosaji wanaandika kwa simu, na kuna simu zinazoipinda zenyewe.

JUMA: Zinyooshe zote wakati wa kusoma. replace() moja ya kubadilisha alama, kwisha.

ZUHURA: Siwezi. Data si yangu, kaka. Nitalinganisha kwa nakala iliyonyooshwa, lakini jina libaki alivyoliandika mwenyewe. Halafu unajua kinachoniuma? Kompyuta inaiona ritifaa yetu kama nukta au mkato. Tafuta maneno kwa \w+, kanuni ya kukamata herufi zinazofuatana, uone, ng'ombe anakatwa vipande viwili, "ng" na "ombe".

JUMA: Ombe! Maskini, Ombe anamtafuta Ng.

ZUHURA: Cheka tu. Mwalimu wangu wa darasa la pili alitusimamisha mmoja mmoja tuseme ng', sauti moja, inatokea puani. Kung'oa na ngoa ni mambo mawili.

JUMA: Unicode, orodha ya herufi za dunia nzima, inayo ritifaa inayohesabiwa herufi, U+02BC. Iulize Python kwa isalpha() kama ni herufi, inajibu True, ndiyo. Hii iliyopinda inajibu False, hapana.

ZUHURA: Basi ndiyo yetu hiyo!

JUMA: Mdodosaji ataitoa wapi? Kwenye kibodi ya simu yake haipo. Iliyonyooka ndiyo anayoiona.

ZUHURA: Kibodi ikikosa herufi, sisi ndio tukubali kukatwa?

JUMA: Mimi namfikiria anayetafuta Chang'ombe aipate. Akiandika ya kunyooka na data ina ya kupinda, kisima chake hakionekani.

ZUHURA: Kitaonekana, nimeshasema nalinganisha nakala.

JUMA: Nakala mbili za kila jina, na mwakani atakuja fundi mwingine asijue ipi ni ipi. Nanyoosha.

ZUHURA: Sigusi.

JUMA: Na Ombe je?

ZUHURA: Ombe nitamrudisha kwa Ng mwenyewe, kwa kuandika kanuni inayojua Kiswahili. Wewe ukinyoosha, \w+ bado inamkata.

JUMA: Hilo kweli. Bado nanyoosha.

ZUHURA: Na bado sigusi.

JUMA: Dada, zimebaki dakika mbili za mazungumzo yetu, na tulipanga mambo matatu. EncodingWarning, onyo la Python 3.10 kwa asiyetaja usimbaji, utf-8-sig, usimbaji wa watu wa Excel, na...

ZUHURA: Hayaingii. Nijibu moja tu. Ile Changombe isiyo na ritifaa, ungeiunganisha na wenzake bila kumuuliza aliyeiandika?

JUMA: Ningeiunganisha. Kata ni hiyo hiyo.

ZUHURA: Mimi nimempigia simu. Anasema aliiweka, na picha ya fomu yake anayo. Ritifaa ipo.

JUMA: Ngoja. Kwa hiyo imepotelea ofisini, faili zilipounganishwa?

ZUHURA: Ndiyo.

JUMA: Kuna mtu kaandika errors="ignore", herufi inayoshindikana inatupwa kimyakimya.

ZUHURA: Kesho asubuhi naufungua huo msimbo.